Nikon P950 kwa ndege wa matopeni Mombasa: inasoma pete, ila kwa masharti

Anayetaka picha ya heroe ya kutundika sebuleni aiache hii dukani. Nikon Coolpix P950 inapimwa hapa kwa kazi moja: kumpata ndege wa majini mwenye alama isiyo ya kawaida, awe amevishwa mguuni na watafiti pete ya rangi au kibendera chenye herufi, awe ana manyoya meupe mahali yasipotarajiwa, na kutoa picha itakayomwezesha mtu ambaye hakuwepo kusema ndiyo au la. Kwa kazi hiyo, katika hori na fukwe za Mombasa, kamera hii inafaa. Inafaa ndege akiwa ndani ya mita 60 hivi, jua likiwa mgongoni kwako, maji yakiwa yanajaa. Ukikosa moja kati ya hayo, zumu haikuokoi.

Ilitoka mwaka 2020 kurithi P900 ya mwaka 2015. Zumu ni ileile ya mara 83, kutoka milimita 24 hadi 2000 kwa kipimo cha kamera za filamu. Nyongeza kubwa kwa mtu wa ndege ni faili ghafi, RAW, ambalo P900 haikuwa nalo. Uzito wake na betri ni kama kilo 1, kwa hiyo unaishika mkononi saa nzima bila bega kulalamika. Ukitaka kufika milimita 2000 kwa kamera ya kubadilisha lenzi utahitaji mzigo wa kubebeshwa punda.

Urefu huo wote unapatikana kwa sababu kihisi cha picha, ile sahani inayopokea mwanga, ni kidogo mno: upana wake ni kama milimita 6, pungufu ya ukucha wa kidole cha mwisho. Udogo huo ndio unaoleta karibu kila tatizo litakalotajwa huko mbele.

Wauzaji husifu zumu kana kwamba kuvuta karibu ndiko kuona. Tufanye hesabu. Zumu ikifika mwisho na ndege akiwa mita 100, fremu nzima inachukua upana wa takriban mita 1.7. Picha ina nukta 4,608 kwa upana, hivyo kila nukta inabeba karibu milimita 0.4. Herufi ya pete yenye kimo cha milimita 5 inapata nukta 13, na hapo mtu hushawishika kwamba zinatosha. Hazitoshi. Mwisho wa zumu tundu la lenzi ni f/6.5, sawa na kipenyo cha milimita 55 hivi, na tundu la ukubwa huo haliwezi, kwa tabia ya mwanga wenyewe, kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya milimita 1.2 kwa umbali wa mita 100. Vijiti vya herufi E ya kimo hicho vina unene wa milimita 1 au pungufu. Kwa hiyo E inakuwa F, B inakuwa 8, C na G hazitofautiani, hata ungekuwa na mkono wa chuma na hewa ya barafuni. Sogea hadi mita 50 na kipimo hicho kinashuka hadi milimita 0.6, E inabaki E. Zile mita 60 zimetoka hapo.

Pete za rangi tupu, zisizo na herufi, ni nafuu zaidi. Nyekundu, njano na nyeupe zinajulikana hata mita 120 asubuhi mapema. Buluu, kijani na nyeusi ndizo zinazodanganya: mguu ukiwa kivulini zote tatu ni giza. Usiandike rangi hadi uwe na picha moja ambayo jua limeupiga mguu wenyewe.

Menyu ina zumu ya kidijitali inayoongeza hadi mara 166. Izime siku ya kwanza na usiiwashe tena. Haileti chembe ya habari mpya, inakuza ukungu uleule, halafu inakuharibia uwezo wa kuikata picha baadaye kwa utaratibu wako.

Maji kwanza, kamera baadaye

Adui mkubwa wa lenzi ya milimita 2000 Mombasa ni mazigazi. Tope jeusi likipigwa na jua kuanzia saa tatu asubuhi, hewa iliyo juu yake inachemka, na ndege anaonekana kama yuko chini ya maji yanayotikisika. Wengi hudhani kamera imeshindwa kulenga, wakaipeleka kwa fundi. Fundi hana la kufanya. Dalili ya mazigazi ni kwamba katika picha 10 mfululizo, mguu uleule una umbo tofauti kila picha. Dalili ya ulengaji mbovu ni kwamba zote 10 zina ukungu wa aina moja, na kitu kingine mbele au nyuma ya ndege kimetoka safi.

Mkosi wa Mombasa ni kwamba bamvua, yale maji makubwa ya kupwa na kujaa sana, hupwa saa mbaya. Siku za bamvua maji hukauka kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa kabisa mnamo saa kumi jioni. Ukienda saa nne, ndege wametawanyika mbali mwambani, jua limeshapanda na tope linafuka. Ukienda saa sita mchana ukakaa kitako, maji yanakuletea ndege mwenyewe. Tofauti ya kupwa na kujaa siku hizo hupita mita 3, na mwendo wake si sawa: saa ya kwanza tangu kupwa yanapanda kidogo, kama sehemu 1 kati ya 12, lakini saa ya tatu na ya nne kila moja inapandisha sehemu 3 kati ya 12. Kwa mita 3, hiyo ni sentimita 75 ndani ya saa moja. Ndipo ndege wanaposogea kwa kasi, kundi kwa kundi, hadi fungu la mchanga lililobaki linajaa miguu. Miguu ndiyo tunayoitaka.

Anayefuata mwezi hahitaji programu ya simu. Bamvua huangukia mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kilele chake kikichelewa siku moja au mbili. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo siku tatu baada ya kilele kujaa kunasogea karibu na magharibi na mwanga unakwisha kabla ya ndege kufika. Maji mafu, yale madogo ya katikati ya bamvua mbili, yana kasoro ya kinyume: yanajaa saa nne asubuhi, ila hayapandi vya kutosha kuwasukuma ndege popote.

Mahali pa kusimama panafuata jua. Ufuo wa Nyali na Bamburi unatazama mashariki, hivyo asubuhi jua liko usoni na kila ndege ni kivuli cheusi. Jioni jua liko nyuma lakini maji yamejaa na watu wamejaa. Hori la Tudor ni bora zaidi. Ukiwa upande wa Mikindani au Jomvu unatazama mashariki, jua la alasiri liko mgongoni, na tope lililo mbele ya mikoko linawaka kama limepigwa taa. Ukimkuta mvuvi au mchimba chambo mtu mzima, shikamoo kwanza, kamera baadaye. Yeye ndiye anayejua ndege wanalala fungu lipi maji yakifika kiunoni, na atakuambia kama tope hilo linabeba mtu au linammeza.

Neno moja la tahadhari, kwa kuwa lenzi hii ikinyooka inaonekana kama mzinga: usiielekeze bandarini Kilindini, kivukoni Likoni, darajani wala kambi ya jeshi la majini Mtongwe. Hata kama ndege sululu mwenye pete nne amesimama mbele ya meli ya mizigo, mwache apite.

Namna ya kuiweka

Gurudumu la juu lina alama ya ndege. Hiyo ni ya mtu anayepiga kasuku bustanini. Kwa ushahidi tumia S, uamue kasi ya shata mwenyewe. Ndege anayetembea anataka 1/1000 ya sekunde. Aliyesimama anatulia kwa 1/320 hadi 1/500, kizuia mtikisiko kikiwa kimewashwa. Jua likiwa kali, f/6.5 na 1/1000 vinakubaliana na ISO, yaani wepesi wa kihisi kupokea mwanga, ya 200 hivi. Hapo picha ni safi. Saa kumi na moja jioni utahitaji ISO 800, na kuanzia hapo kihisi kidogo kinaanza kupaka rangi kama brashi: mistari myembamba ya manyoya inayeyuka kuwa doa moja. Ikifika hapo shusha kasi ya shata, usipandishe ISO. Piga 1/250 mara 30, mbili zitatoka.

Mwanga ndio unaoharibu ushahidi mwingi kuliko ukungu. Yangeyange mweupe juu ya tope jeusi huunguzwa na kamera: tope linachukua fremu kubwa, kamera inadhani pana giza, inaongeza mwanga, na ndege anabaki karatasi tupu isiyo na unyoya hata mmoja. Punguza fidia ya mwanga (exposure compensation) kwa 0.7 hadi 1.3. Ndege mweusi mbele ya maji yanayong'aa anataka kinyume chake, ongeza 0.7. Hili lina uzito kwa sababu doa la rangi ya kijivu hafifu bawani hupotea kabisa ndege akiunguzwa, na kitwitwi wa kijivu aliyeunguzwa anaweza kuripotiwa kuwa mweupe. Ripoti za namna hiyo zipo nyingi, na nyingi zake ni kazi ya kamera.

Urekebishaji wa rangi wa kamera yenyewe (white balance ya otomatiki) uondoe, weka alama ya jua na uiache hapo. Kamera ikiachiwa ijirekebishe, picha tatu za ndege mmoja zitatoka na rangi tatu. Kisha fanya jambo rahisi kuliko yote: kwenye fremu mojawapo mwingize mwenzake wa kawaida, wa jamii ileile, katika mwanga uleule. Mtu akibisha kwamba rangi ni ya jua la jioni, mwenzake ndiye shahidi.

Ulengaji ni polepole. Hili ni kweli kwa kamera zote za aina hii, na hakuna mpangilio wa kuliondoa. Katika mikoko hali ni mbaya zaidi, kwani mizizi ya mchu inayochomoza topeni kama penseli ina ncha kali, na kamera hupenda ncha kali kuliko manyoya. Weka eneo la kulenga lile dogo kabisa, lenga mguu pale unapoingia topeni badala ya mwili, kisha pandisha fremu ukiwa umeshikilia kitufe nusu. Ikikataa, hamia ulengaji wa mkono kwa gurudumu la ubavuni. Skrini itakuonyesha ukingo ulio makini kwa rangi. Ndege anayeruka msahau. Zipo kamera za hiyo, na si hii.

Mfululizo wake ni picha 7 kwa sekunde, mwisho picha 10. Halafu inaganda ikiandika kwenye kadi na huwezi kufanya lolote. Wajuzi hawashikilii kitufe. Hupiga mbili, hupumzika, mbili tena, wakingoja ndege anyanyue mguu uliozama. Ukizimaliza 10 mguu ukiwa topeni, mguu utatoka huku kamera imelala.

Kwenye tope stendi ya miguu mitatu huzama mguu mmoja na kamera nzima inainama. Vifuu vitatu, kila mguu juu ya kimoja kilichofudikizwa, vinamaliza tatizo hilo bila gharama. Kamera ikiwa juu ya stendi zima kizuia mtikisiko, na wakati wa kusi tundika mkoba katikati ili upepo usiitikise. Tumia kipima muda cha sekunde chache badala ya kubonyeza kwa kidole. Kwa milimita 2000 hata pumzi inaonekana.

Kabla hujatangaza ajabu

Hapa ndipo kamera nzuri inapomponza mwenye haraka. Pwani yetu ina yangeyange ambaye jamii yake ina rangi mbili kwa maumbile: Egretta dimorpha, anayehesabiwa na wengine kuwa aina ya Egretta garzetta. Mmoja ni mweupe pe, mwingine wa rangi ya jiwe la kunolea mwenye kidevu na koo jeupe, na wapo wa kati waliochanganyika, kijivu hapa, cheupe pale, kama leso iliyochujuka. Mgeni akimwona wa kati humwita ndege mwenye upungufu wa rangi. Hana upungufu wowote. Piga picha ya koo, ya ngozi ya njano kati ya jicho na mdomo, na ya miguu: vidole ni vya njano, na mara nyingi unjano unapanda juu kidogo ya kifundo. Ngozi hiyo ya usoni hugeuka nyekundu wakati wa kuzaliana, na hilo pia si ajabu. Koo likiwa jeusi na mwili wote mweusi, huku vidole ni vya njano, fikiria Egretta ardesiaca, yule anayefunika kichwa kwa mabawa kama mwavuli akivua. Hapo picha ya koo peke yake ndiyo inayoamua, na P950 inaitoa vizuri hata mita 80.

Mtego wa pili ni majira. Mwezi Machi na Aprili ndege wa Siberia na kaskazini wanajiandaa kuondoka, nao hubadili manyoya wakiwa bado hapa. Kitwitwi wa kijivu, Pluvialis squatarola, anaota tumbo jeusi kwa viraka. Chamchanga mwenye mdomo uliopinda, Calidris ferruginea, anatokwa na wekundu wa matofali kifuani doa kwa doa. Agosti na Septemba wanarudi na mabaki ya mavazi hayo, yakitoka kwa viraka vilevile. Picha ya Aprili ya ndege mwenye mabaka isitumwe kokote kabla ya kuilinganisha na wenzake waliosimama kando yake. Nusu yao watakuwa na mabaka.

Mtego wa tatu ni mla kaa, Dromas ardeola, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama kisu cha kufulia nazi. Mtoto wake ana mgongo wa kijivu badala ya mweusi, naye hufuata mzazi na kuombaomba chakula hata baada ya safari ndefu kutoka pwani za Uarabuni wanakozaliana mashimoni. Kijivu hicho ni utoto.

Ukishaondoa hayo, na uchafu wa mafuta na matope, wanabaki wachache walio na ajabu ya kweli. Kwao unahitaji picha nne: ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, uso kwa karibu, na bawa likiwa limenyooshwa. Pande mbili, kwa sababu weupe unaotokana na kurithi mara nyingi hulingana kulia na kushoto, ilhali weupe unaoongezeka kwa umri au maradhi huanza kwa kutawanyika ovyo. Uso, kwa ajili ya jicho: zeruzeru halisi hana rangi nyeusi popote na jicho lake ni jekundu au la waridi, na asiye na jicho hilo asiitwe zeruzeru. Bawa, kwa sababu unyoya usio na rangi nyeusi ni dhaifu na huchakaa haraka, hivyo ncha zilizoliwa ni ushahidi kwamba weupe ni wa unyoya wenyewe, haukuletwa na mwanga. Hata ukiwa na zote nne, chanzo cha weupe mara nyingi hakijulikani kwa siku moja. Anayerudi mwaka unaofuata akampata ndege yuleyule na viraka vimeongezeka ana jibu zuri kuliko kamera yoyote.

Jihadhari pia na lenzi yenyewe. Mwisho wa zumu, ukingo wa ndege mweupe mbele ya giza hupata utepe mwembamba wa zambarau. Si alama. Na JPEG ya kamera hii, yaani picha iliyokwisha kutengenezwa na kamera yenyewe, husugua picha kupita kiasi ikiondoa chembechembe, ikayeyusha mistari ya kidari. Weka usuguaji wa chini kabisa, au hifadhi RAW pamoja na JPEG ukitumia kadi ya kutosha.

Kusoma mguu

Kile kiungo kinachokunjika nyuma katikati ya mguu si goti, ni kisigino. Pete huwa juu yake au chini yake, na habari hiyo ni sehemu ya jina la ndege kama ilivyo rangi. Andika hivi kila mara: mguu wa kushoto wa ndege, si wa kushoto kwako, juu ya kiungo, kutoka juu kwenda chini, chini ya kiungo, kutoka juu kwenda chini, kisha mguu wa kulia vivyo hivyo. Mguu usio na kitu uandike kwamba hauna kitu. Mguu usiouona uandike kwamba haukuonekana. Kuchanganya hayo mawili ndiyo kosa linaloua rekodi nyingi, kwa kuwa pete nyekundu peke yake na pete nyekundu yenye mwenzake topeni ni ndege wawili tofauti.

Pete ndefu zenye herufi za wima, kama wanazovishwa heroe, kwa kawaida husomwa kutoka chini kwenda juu. Herufi zikizunguka pete utaona sehemu tu, hivyo piga ndege akiwa anageuka, picha kila anapohama hatua. Pete ya chuma kuipuuza ni kosa: kwa mita 15 au 20 unaweza kupata tarakimu mbili tatu kila picha na kuziunganisha baadaye kwenye kompyuta. Rekodi, pamoja na picha ambazo hazikukatwa, zipelekwe idara ya ndege ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, au Nature Kenya. Tarehe, saa, mahali, jamii ya ndege, idadi ya kundi. Hakikisha saa ya kamera ni sahihi. Nyingi hubaki na saa ya kiwandani tangu siku ya kufunguliwa boksi.

Usimfukuze ndege ili anyanyue mguu. Mwezi Machi hasa, kila mruko unakula mafuta anayoyaweka kwa safari. Kaa chini, jifunike kikoi chenye rangi iliyofifia, ngoja maji.

Chumvi, mchanga na betri

Mwili wake haukuzibwa dhidi ya maji. Bomba la lenzi hutoka sana linaposogezwa na likirudi ndani hunyonya hewa, na hewa ya pwani ina chumvi na mchanga. Kila kurudisha zumu bila kufuta bomba ni kujaza mchanga kwenye meno ya mota. Futa kwa brashi laini kwanza, kitambaa baadaye, ndipo uzime. Kioo cha chujio cha milimita 67 mbele hulinda, ila kiwe kizuri, kwani cha bei ya chini hula makali yote tuliyoyahesabu hapo juu. Nyumbani, kabati la nguo la Mombasa ni shamba la kuvu. Weka kamera kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, uvibadilishe vinapolowa. Kutoka chumba chenye AC usiifungue ufuoni moja kwa moja. Iache mfukoni dakika 30, la sivyo umande utakaa ndani ya lenzi ukakosa saa zote za maji kujaa.

Betri yake, EN-EL20a, imepimwa picha 290 hivi, na zumu ya kwenda na kurudi huzila haraka. Chukua mbili. Huchajiwa kwa waya wa USB, kwa hiyo pawabenki inatosha. Video ni ya 4K na husaidia kusoma pete ndege akiwa na wasiwasi, kwani katika fremu nyingi moja huwa imetulia. Wi-Fi ipo.

Wapo watakaoitazama P1000, yenye mara 125 na milimita 3000, au P1100 iliyoifuata mwaka 2025. Urefu wa nyongeza ni wa kweli, lakini P1000 ina uzito wa zaidi ya kilo 1.4, na kwa hewa ya Mombasa ndege wa kuhitaji milimita 3000 tayari ameshamezwa na mazigazi. Kwa hori la Tudor hatuoni sababu. Mwenye P900 inayofanya kazi naye asikimbilie kubadilisha, labda akerwe sana na ukosefu wa RAW.

Ukinunua iliyotumika, usiipimie ndani ya duka. Toka nje, vuta zumu hadi mwisho na kuirudisha mara tano ukisikiliza: sauti iwe laini, isikwaruze kama mchele unaopepetwa. Angaza tochi ya simu kupitia mbele ya lenzi utafute nyuzi nyeupe za kuvu. Kisha hesabu hatua 60 kutoka kwenye matatu iliyoegeshwa kivulini na upige picha ya stika ya bima iliyo kwenye kioo cha mbele. Tazama maandishi yake yenye kimo kama cha herufi za pete. Yakisomeka, lipa.